Florini Ikae Upande Gani?

Harufu ilinipokea mlangoni: kijiti cha kibiriti kilichowashwa kikazimwa papo hapo. Nilisimama mwavuli ukiwa bado mkononi, maji yakidondoka sakafuni. Fundi wetu wa maabara, ambaye sote twamwita Mzee, alikuwa kwenye stuli yake akipanga chupa. Hakugeuka.

"Mwanangu, ile kitu yako imekunywa maji."

Ilikuwa Mei, mwaka wangu wa pili wa uzamili, na mvua ilikuwa imeishika Nairobi kwa siku ya nne mfululizo. Maabara yetu iko bondeni nyuma ya Museum Hill, mahali ambapo unyevu wa mto hupanda asubuhi hadi madirishani. Jana yake jioni nilikuwa nimefunga chupa haraka nikikimbilia matatu, na kizibo hakikukaza. Mililita nne za kimiminika cha njano, kazi ya wiki tatu, zilikuwa zimevuta unyevu usiku kucha. Kila molekuli iliyokutana na maji ilikatika: upande mmoja ikabaki ile anilini niliyoanza nayo, pete ya kaboni yenye nitrojeni pembeni, upande wa pili ikatoka salfa dioksidi, gesi ileile inayochoma pua ukiwasha kibiriti.

Ndugu zangu huniuliza ninasoma nini hasa, nami kwa miaka miwili nimekuwa nikijibu "kemia" na kubadilisha mazungumzo. Leo najibu kwa urefu, kwa sababu swali lenyewe nalipenda na naamini linaweza kuelezwa kwa lugha tunayoongea nyumbani.

Chora pete ya atomi sita za kaboni, pete ya benzini. Kwenye kona moja bandika nitrojeni, baada yake salfa, baada yake oksijeni. Kundi hilo huitwa NSO. Kwenye kona ya jirani, ng'oa haidrojeni uweke florini. Umemaliza. Jina lake ni 2-floro-N-salfinilianilini, uzito wake wa molekuli ni kama 157, na ikiwa safi ni mafuta ya njano hafifu, rangi ya mafuta ya kupikia kwenye chupa ndogo.

Kuitengeneza si kazi ngumu ukiwa na subira. Unaichukua 2-floroanilini, unaichanganya na thionili kloridi, kimiminika kinacholeta salfa na oksijeni, katika kiyeyushi kikavu, unachemsha huku mvuke ukirudishwa chini, na asidi ya haidrokloriki inatoka kama gesi mpaka iishe. Gesi hiyo tunaipitisha kwenye maji ya sodiamu haidroksidi ili isituue. Kisha unaondoa kiyeyushi na kuikeneka, yaani kuigeuza mvuke na kuupoza, kwa shinikizo la chini. Ugumu ni ukavu. Kila kioo kimetoka kwenye oveni, kila mdomo wa chupa una kinga ya kalsiamu kloridi, na bado mvua ya Mei itakuona.

Swali langu lilikuwa moja: molekuli hii hukaa vipi?

Kundi la NSO halinyooki. Hupinda kwenye salfa kama mkono kwenye kiwiko. Kwa hiyo oksijeni iliyo kwenye ncha ina njia mbili: irudi kuelekea kwenye pete, au iikimbie pete iende nje. Akili ya kawaida yasema itakwenda nje, kwenye nafasi. Haiendi. Katika familia hii yote, oksijeni hurudi upande wa pete na kubanana na haidrojeni ya kona ya jirani. Hata ndugu mdogo kabisa wa familia, HNSO, ambaye hana pete yoyote ila haidrojeni moja tu, hukunjika vivyo hivyo.

Habari ya HNSO ilinikosesha usingizi nilipoisoma mara ya kwanza, kwa maana inaonyesha kwamba sababu haiko kwenye pete. Iko kwenye nitrojeni. Nitrojeni ina jozi moja ya elektroni isiyounganishwa na kitu, jozi pweke. Oksijeni inaporudi ndani, jozi hiyo hujikuta imeelekezwa kinyume kabisa cha kifungo cha salfa na oksijeni, na katika mkao huo elektroni zake huweza kumwagika kidogo kwenye nafasi tupu iliyo nyuma ya kifungo hicho. Huko kumwagika hupunguza nishati. Oksijeni ikienda nje, mlango huo hufungika. Juu ya hayo, kwenye pete ya benzini haidrojeni ya jirani huivuta oksijeni kidogo, mvuto dhaifu lakini wa kweli.

Sasa weka florini. Pete nzima inaweza kuzunguka kwenye kifungo chake na nitrojeni, kama bawaba. Ikizunguka nusu duara, florini inahama kutoka upande wa oksijeni kwenda upande wa ile jozi pweke ya nitrojeni. Majirani wote wawili ni wabaya kwake. Florini ndiyo atomi yenye uchu mkubwa kuliko zote wa kuvuta elektroni, 3.98 kwenye kipimo cha Pauling, kwa hiyo imejaa chaji hasi. Oksijeni nayo imejaa chaji hasi. Jozi pweke nayo ni elektroni tupu. Popote itakapogeukia, inasukumwa. Swali ni wapi inasukumwa kidogo.

Naomba nikae kidogo kwenye florini, kwa sababu mimi na florini tunajuana zamani. Nimezaliwa Gilgil. Sisi wa Bonde la Ufa tumekunywa maji ya visima vilivyochimbwa kwenye miamba ya volkeno, na maji hayo yana floridi nyingi kuliko ile miligramu 1.5 kwa lita ambayo Shirika la Afya Duniani linaipendekeza kuwa kikomo. Meno ya watoto wengi wa kwetu yana mistari ya hudhurungi. Yangu pia. Nikiwa darasa la sita niliambiwa mbele ya wenzangu nipige mswaki, na nilikuwa nimepiga. Miaka mingi nilicheka mdomo nikiufunika kwa mkono. Nilipofika chuo kikuu na kusoma kwamba nchi hiihii ilichimba fluospa, jiwe la kalsiamu floridi, kwa miongo kadhaa kule Kimwarer katika Bonde la Kerio, nikaona kwamba elementi iliyonichora meno ndiyo iliyokuwa ikisafirishwa kwa meli kwenda kutengeneza dawa na plastiki. Nilitaka kuifahamu kwa karibu. Ndani ya pete yangu haifanani na ile ya kisimani: kule ni ioni huru inayoingia kwenye mfupa na jino, huku imefungwa na kaboni kwa kifungo kimoja kilicho imara kuliko karibu vyote ambavyo kaboni huweza kufanya. Haitoki. Ila tabia yake ya kuwasukuma na kuwavuta majirani ni ileile.

Haya, utajuaje mkao wa kitu ambacho huwezi kukiona?

Unakisikiliza kinavyotetemeka. William Herschel aligundua mwaka 1800, kwa vipimajoto na mche wa kioo, kwamba kuna joto zaidi ya ncha nyekundu ya mwanga, mahali ambapo jicho halioni kitu. Miale hiyo ya infraredi hutikisika kwa mwendo uleule wa vifungo vya kemikali. Ukiipitisha kwenye kampaundi, kila kifungo hunyakua mwendo wake na kuuacha mwingine upite, na mashine inachora vilele palipopungua mwanga. Tunavihesabu kwa mawimbi kwa kila sentimita. Kundi la NSO lina vilele viwili vikali: kimoja kati ya 1250 na 1300 hivi, salfa ikivutana na majirani wake wawili kwa zamu; cha pili karibu na 1160, wakivutana kwa pamoja. Mkao ukibadilika, vilele husogea. Mikao miwili ikiishi chupani kwa wakati mmoja, vilele hujirudia: kila kimoja kinapata pacha wake pembeni.

Kimiminika tunakibana kati ya vioo viwili vya chumvi, potasiamu bromidi, kwa kuwa kioo cha kawaida huziba infraredi. Chumvi hii huyeyuka kwenye maji. Ukiigusa kwa kidole chenye jasho, alama ya kidole chako itabaki pale kama kwenye kitambulisho. Mzee alinionyesha jinsi ya kuisugua siku hiyo ya mvua: kitambaa laini kilichotandazwa juu ya kioo bapa, tone la ethanoli, unga mweupe laini sana, halafu mviringo mdogomdogo bila kukandamiza. Alifanya kwa dakika ishirini bila kusema neno. Kipande kilichokuwa na ukungu kikarudi kuwa angavu kiasi cha kuonyesha herufi za gazeti chini yake. "Chumvi haitaki haraka," akasema, akanipa.

Nilipima mafuta yale yaliyoharibika ili nijifunze. Juu kabisa, kati ya 3300 na 3500, vilikuwa vimeota vilele viwili ambavyo kampaundi yangu haina haki ya kuwa navyo: nitrojeni na haidrojeni zake mbili. Anilini imerudi. Tangu siku hiyo, kila spektra, yaani mchoro wa vilele, ninayopewa na mtu naanza kuiangalia huko juu.

Wiki tatu baadaye nilikuwa na sampuli safi, kavu. Niliiendesha Ijumaa jioni. Kilele kimoja karibu na 1290, kingine karibu na 1160, na kati yao, kikali, kilichosimama, cha tatu.

Sikulala. Niliamini nimeona mikao miwili, florini ikiwa imegawanyika, nyingine upande huu na nyingine upande ule. Niliandika kurasa nne usiku huo. Nilifungua jedwali la vilele ambalo kila mwanafunzi analo, nikaona cha tatu kinaangukia kwenye eneo la NSO, nikakiandikia jina. Jumatatu asubuhi nikampelekea mwalimu wangu.

Alisoma kurasa zote nne. Kisha akauliza, "Anilini uliyoanza nayo haina kilele hicho?"

Sikuwa nimeangalia. Nilishuka ngazi, nikachukua tone la 2-floroanilini, nikalibana kati ya vioo vilevile vya Mzee. Kilele kilikuwapo, karibu mahali palepale. Anilini haina salfa wala oksijeni. Kile nilichokiita mkao wa pili kilikuwa kifungo cha kaboni na florini kikivutana pamoja na pete, na kwenye pete ya benzini kifungo hicho huimba katikati ya nyumba ya NSO. Jedwali halikudanganya. Mimi ndiye niliyeliuliza swali ambalo haliwezi kulijibu: jedwali linasema nani anaweza kukaa hapo, halisemi nani amekaa.

Hapo ndipo hesabu ilipoingia, na hapo ndipo ninapotaka kusema jambo ninaloliamini kwa dhati. Siku hizi kompyuta ya kawaida inaweza kukokotoa umbo la molekuli kwa nadharia ambayo msingi wake uliwekwa mwaka 1964 na 1965 na Walter Kohn pamoja na wenzake: badala ya kufuatilia kila elektroni peke yake, unafuatilia wingi wa elektroni kila mahali. Kohn alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1998, akaigawana na John Pople, aliyezifanya hesabu hizi ziwe programu ambayo mkemia yeyote anaweza kuitumia. Zipo programu za bure. Kwetu sisi, ambao mashine moja ya kupimia inangojwa na foleni ya wanafunzi, hii ni neema kubwa. Lakini nimeona kazi nyingi sana ambazo ni hesabu tupu, molekuli ambayo hakuna mtu aliyeitengeneza, mkao ambao hakuna aliyeupima, na imeandikwa kana kwamba imeonekana. Mwalimu wangu ana swali moja kwa kila atakayesimama mbele ya ubao: "Umeona au umehesabu?" Kazi yetu ni kuvileta vyote viwili barazani na kuvisikiliza vikisutana.

Nilihesabu chumbani kwangu Kangemi, kwa kompyuta ya mezani niliyoinunua mkononi mwa mtu. Utaratibu ni huu: unaizungusha pete digrii kumi, unaiacha molekuli itulie, unaandika nishati yake, unazungusha kumi tena. Kutoka 0 hadi 180 ni vituo 19. Usiku wa kwanza stima ilipotea nikiwa kituo cha 14, na sikuwa nimeiamuru programu ihifadhi njiani. Usiku wa pili niliiamuru.

Ukivichora vituo hivyo unapata mabonde na vilima, na mtu wa kwetu hahitaji kuelezwa. Nairobi iko mita 1,700 na kitu juu ya bahari, Naivasha iko karibu 1,900, lakini ukitaka kutoka moja kwenda nyingine lazima upande Limuru, zaidi ya 2,200. Hapo kuna maswali mawili tofauti: bonde lipi liko chini zaidi, na mlima wa katikati una urefu gani. La kwanza linaamua molekuli ngapi zitaishi wapi. La pili linaamua zinahama kwa kasi gani.

Tofauti inayohitajika ni ndogo kwa namna inayonishangaza hadi leo. Kwa nyuzijoto 25, bonde likiwa chini kwa kilojuli 5.7 tu kwa moli (kipimo cha wakemia cha kuhesabia molekuli), molekuli kumi zitakaa humo kwa kila moja itakayokaa juu. Zidisha mara tatu, kilojuli 17, na ni elfu kwa moja. Maji ya chai yaliyokwisha kuchemka hutaka karibu kilojuli 41 kwa moli ili yawe mvuke. Kwa nishati isiyofika nusu ya hiyo, mkao mmoja unafuta mwingine kabisa. Na hapohapo pana hatari: hesabu zetu zenyewe hukosea kwa kilojuli chache kwa moli. Ikikuambia tofauti ni mbili, haijakuambia kitu.

Yangu haikuwa mbili. Bonde la chini lilikuwa lile ambamo oksijeni imerudi kwenye pete kama familia yake yote, na pete imegeuka ili florini iwe mbali na oksijeni, upande wa jozi pweke, huku haidrojeni ikibaki kuishikilia oksijeni upande wa pili. Ukiilazimisha florini iwe jirani wa oksijeni huku molekuli ikiwa bapa, atomi hizo mbili hubanana karibu kuliko jumla ya nusu vipenyo vyao, ambayo ni takriban angstromu 3 (angstromu moja ni sehemu moja ya bilioni kumi ya mita). Nishati inapanda, ubapa unavunjika.

Kisha nikaomba mitetemo. Hesabu huiweka juu kidogo kuliko ukweli, kwa sababu inachukulia kifungo kama springi kamilifu, kwa hivyo tunaipunguza kwa kuizidisha na namba kama 0.97. Skrini inakuonyesha kila mtetemo ukichezwa. Nilikibonyeza kile cha tatu, kilele kilichoninyima usingizi. Pete ikavuta pumzi, florini ikaenda na kurudi, na lile kundi la NSO pembeni likasimama karibu kimya. Nilikiangalia kwa muda mrefu, nikikirudiarudia.

Kulikuwa bado na kazi ya florini yenyewe. Kiini cha florini kinafaa sana kwa mashine za sumaku, kwa kuwa florini yote ya asili ni ya aina moja, yenye uzito 19. Sampuli yetu ilipelekwa kwingine ikapimwa, jibu likarudi na mstari mmoja safi. Nikadhani tumemaliza. Mwalimu akatikisa kichwa. Mashine ya sumaku ni kamera ya polepole: pete ikigeuka maelfu ya mara kwa sekunde, picha inatoka moja, ya wastani, hata kama mikao ni miwili. Infraredi haina tatizo hilo. Kwenye 1290, kifungo kinatikisika takriban mara trilioni 39 kila sekunde, na pete haiwezi kugeuka kati ya mtikisiko na mtikisiko. Kama mkao wa pili ungekuwapo kwa kiasi cha kuonekana, ungejitokeza huko.

Nikarudi kwenye spektra yangu ya Ijumaa, nikiwa sasa na namba za mikao yote pembeni. Nilipita kila kilele kutoka 4000 hadi 400 nikitafuta pacha. Kilichokuwa mahali ambapo mkao wa pili ungeweka kilele chake cha 1290 kilikuwa mstari wa chini, tambarare, na mtetemo mdogo wa mashine yenyewe. Niliongeza muda wa kupima mara nne ili mtetemo huo upungue. Tambarare bado. Florini yetu hukaa upande mmoja.

Nilimpigia mama simu Gilgil jioni hiyo. Nilimweleza kwa Kikuyu na Kiswahili, nikichora kwa kidole hewani ingawa hanioni. Aliuliza kama ni florini ile ya maji. Nikamwambia ndiyo, ileile. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na sasa mwaijua inakaa wapi?"

Kwenye jokofu la maabara, nyuma ya chupa zangu, iko nyingine iliyokuja mwezi uliopita: 2,6-difloroanilini. Ina florini kwenye kona zote mbili za jirani, kwa hiyo tukishaigeuza kuwa ya NSO, hata pete igeuke namna gani, oksijeni ikirudi ndani itaikuta florini. Hakuna haidrojeni ya kuishikilia. Ama oksijeni itaacha desturi ya familia, ama pete itajikunja isimame wima, ama watabanana. Mzee ameshazisugua chumvi na kuzifunga kwenye mtungi wenye jeli ya silika. Kizibo nimekikaza mimi mwenyewe, mara mbili. Mvua za vuli zikikatika, tunaanza.